Mukwe Wangu Aliniambia Alifika Nyunzu

Admin, ficha jina langu na la shirika nililolifanyia kazi. Nina miaka sitini na minane, baba wa watoto sita. Nilisomea ufundi wa mitambo na nilikuwa mkuu wa garaji hapa Kalemie hadi mwezi uliopita nilipostaafu. Naomba msome polepole, maana lazima nieleze kwanza jambo dogo la gari ndipo mtaelewa kidonda changu.

Wakati wa vita tulikuwa na pikapu mpya za mazutu, yaani dizeli. Gari za namna hiyo zina tanki mbili: moja ya mazutu, na nyingine ndogo, yenye kifuniko cha bluu, ya maji yaliyochanganywa na urea. Sisi garajini tuliyaita dawa ya moshi, kwa sababu hunyunyiziwa ndani ya bomba la moshi ili kupunguza sumu. Kadiri injini inavyochoma mazutu ndivyo gari linavyokunywa dawa. Injini ikizimwa, halinywi hata tone. Dawa hiyo ilitufikia kwa shida kutoka Kigoma, kwa hiyo kabla ya kila safari nilijaza tanki ndogo mpaka mdomoni, na gari likirudi nilijaza tena na kuandika limepokea kiasi gani.

Kilometa pia nilizisoma mwenyewe, nikiketi kwenye kiti cha shofa na kuwasha gari. Nilifanya hivyo kwa gari zote isipokuwa moja, lile aliloendesha mume wa binti yangu wa mwisho. Katika ukoo wetu baba mukwe haketi mahali anapoketi mukwe wake. Ni heshima tuliyoikuta. Basi yeye alikuwa ananiandikia kilometa zake kwenye karatasi, nami nilinakili bila kuuliza. Kazi nilimfundisha mimi.

Vita vilipofika Nyunzu, dada yangu anayenifuata alikuwa huko na mume wake, ambaye miguu ilikuwa imevimba, hawezi kutembea mbali. Mkuu wetu akaniruhusu gari moja. Nikamtuma mukwe. Dada nilimpelekea habari: msiondoke, gari linakuja.

Siku ya nne mukwe akarudi, gari limejaa vumbi, tanki ya mazutu karibu tupu.

"Papa, nilifika mupaka ku nyumba," akaniambia. "Mulango ilikuwa wazi. Ku jiko nilikuta sufuria, majivu ingali moto. Lakini muntu hakuna."

Nililia mbele yake, akanishika mkono. Shofa mwingine, Papa Saidi, alikuwa amesema kwamba mukwe akishindwa atakwenda yeye kesho yake alfajiri, hata kama njia ni mbaya. Nikamwambia, "Acha, Papa Saidi. Wamekwisha kuondoka."

Jioni ile nilipojaza dawa ya moshi, gari lilipokea vikombe viwili tu. Fundi mwenzangu akacheka. "Chefu, gari ya mukwe yako iko nafunga Ramazani?" Nikamweleza kwa uvumilivu kwamba hewa ikikwama mdomoni mwa tanki, tanki hudanganya kuwa imejaa. Nilieleza vizuri sana, kila mtu akaitikia. Nikaandika katika daftari: hewa mdomoni.

Dada yangu alifika kambi ya wakimbizi ya Katanika, karibu na Kalemie hapa, baada ya majuma kadhaa, kwa miguu, peke yake. Walikuwa wamengoja gari siku tisa. Shemeji alimfia njiani kando ya reli, akamchimbia kaburi kwa sahani ya bati. Alipoambiwa kwamba mukwe alifika akakuta mlango wazi, alisema, "Muchana tulikuwa tunajificha mu shamba. Mimi njo nilimushikilia bwana yangu tuende. Kama tungebakia ku nyumba, angekuwa muzima." Tangu siku hiyo anabeba mzigo huo.

Mwezi uliopita nilimkabidhi kazi injinia mpya, mama mmoja kijana kutoka Lubumbashi. Nilimfungulia daftari nimfundishe namna ya kusoma unywaji wa dawa. Akafika kwenye ukurasa ule.

"Papa, kama ni hewa ilizuia," akasema, "safari iliyofuata, ile ya Bendera, gari lingepokea dawa ya Nyunzu na ya Bendera pamoja. Hapa limepokea ya Bendera peke yake. Ku Nyunzu walienda na gari gani?"

Nikafunga daftari.

Nilimwita mukwe. Hakukana. Alijificha kwa rafiki yake, mbele kidogo ya Katanika, siku tatu, na mazutu akayamwaga mchangani ili tanki ionekane imesafiri; kilometa za karatasini akazitunga. "Papa, nilikuwa na woga. Shofa mwenzetu walikuwa wamemupiga risasi ku ile njia."

Woga ningeusamehe. Hata mimi niliogopa, ndiyo maana nilimtuma mwingine. Angeniambia tu "Papa, nimeshindwa," Papa Saidi angeondoka alfajiri. Kinachonikaa kooni ni ile sufuria na yale majivu ya moto.

Sasa binti yangu amejifungua mtoto wa kiume. Dada ameomba apewe jina la marehemu mume wake, kama shukrani kwa aliyekwenda kuwatafuta. Jina litatolewa Jumapili. Jana mezani dada alimwekea mukwe kichwa cha samaki sangala, akamwambia, "Kula, mutoto yangu. Wewe ulifika. Mimi njo sikukuwa ku nyumba."

Akala.

Nikisema, nyumba ya binti yangu inavunjika na kichanga mikononi. Nikinyamaza, dada yangu atakufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wake kwa kwenda shambani. Nimewaeleza watu mambo maisha yangu yote, leo naomba nielezwe mimi. Wazazi wenzangu, na ninyi vijana, niambieni kabla ya Jumapili: niseme? Na nikisema, nianze na nani?