Utepe wa Kijani

Hospitalini walimwita Moshi, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuliwasha tanuri lililo nyuma ya chumba cha kufulia, kulilisha, kulisafisha, na kuhakikisha kwamba kilichoingia humo hakitoki ila kwa sura ya majivu. Harufu ya kazi ilikuwa imehamia kwenye nguo zake kama mpangaji aliyegoma kuhama, na wauguzi wakikutana naye koridoni walihamia upande wa pili. Moshi hakuona haya.

"Daktari anatibu mtu mmoja mmoja," alikuwa akiwatania wafuaji. "Mimi natibu mji mzima kwa njiti ya kiberiti."

Hayo yalikuwa maneno ya siku za kawaida, siku ambazo mifuko ilitii rangi zake. Chenye damu au ugonjwa kiliingia mfuko mwekundu, kikaja kwa Moshi. Sindano ziliingia boksi gumu la njano, likaja kwa Moshi. Makaratasi na maganda ya matunda yaliingia mfuko mweusi, yakaondoka na lori la jiji. Kisha maradhi yale yakaingia mjini, na kila kitu kikawa cha ugonjwa: sahani aliyolia chakula mgonjwa, shuka lake, aproni ya plastiki iliyovaliwa kwa muda wa kupima homa tu, glavu, barakoa, hata kalamu. Tanuri likalishwa bila kupumzishwa, mpaka asubuhi moja kichomeo chake kikakohoa na kuzima.

Fundi alikuja, akaingiza kichwa mlangoni mwa tanuri, akakitoa kikiwa na masizi kwenye nyusi.

"Limekufa?" Moshi akauliza.

"Limekufa, ila linafufuka. Kipuri chake kinatoka nje."

"Basi si kiagizwe?"

"Huko nje nako kumefungwa, kaka. Hata ndege zimelala."

Mifuko ikapanda ukutani, ikafika dirishani, ikaziba dirisha. Halafu mifuko myekundu yenyewe ikaisha, na wodi zote zikaanza kutumia myeusi. Msimamizi wa usafi, mama mwenye sauti kali na macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi, akatoa amri: mifuko ipuliziwe klorini, kisha lori liipeleke jalalani pamoja na takataka nyingine.

"Mama, kule kuna watu," Moshi akasema.

"Najua kuna watu. Nipe njia nyingine niifuate."

Moshi akalichukua bomba la klorini, akaanza kupuliza.

Miongoni mwa watu hao wa jalalani alikuwamo dada yake, ambaye tangu afiwe na mume alikuwa akiokota chupa za plastiki ili alishe wajukuu. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea Moshi, hali yeye mwenyewe akiwa bado wa kulelewa. Alimwogesha, alimchapa, na siku ya kwanza ya shule alipiga magoti mavumbini akamfundisha kufunga kamba za viatu. Moshi alimfuata nyumbani kumsihi.

"Dada, pumzika kidogo. Ugonjwa ukipita, utarudi."

"Nikipumzika mimi, na matumbo ya watoto hawa yatapumzika?"

"Nitawaletea chakula."

"Utaleta nini, wewe ambaye kwako mpaka paka ana wasiwasi? Usinigawie usichonacho, mdogo wangu. Niambie tu upi ni mfuko wenu na upi si wenu. Macho bado ninayo."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa wazo. Kwa wafuaji kulikuwa na rundo la mashuka chakavu ya chumba cha upasuaji, yale ya kijani. Moshi akayachana tepe tepe. Kila mfuko wa hospitali uliopita mikononi mwake aliufunga shingo kwa utepe, fundo juu ya fundo, akazikata ncha ili usifunguke njiani. Akamwambia dada yake: ukiona kijani, ruka. Dada akawaambia wenzake, na jalala likaishika sheria hiyo upesi kuliko wodi zilivyowahi kushika sheria yoyote.

"Tunaruka kama tumeona nyoka," dada alimpigia simu akicheka. "Hata yule mlevi wetu, asiyeheshimu hata msiba, akiona kijani anaruka."

Moshi akarudiwa na usingizi. Tanuri lilikuwa baridi, lakini mikono yake ilikuwa na kazi. Msimamizi alimkuta siku moja akikaza mafundo yake, akasimama kumtazama.

"Unafunga zawadi za harusi?"

"Ndiyo, mama. Ila sitaki mtu azifungue."

Kisha dada akaacha kupiga simu. Akipigiwa alipokea kwa haraka, akasema ana kazi, akakata. Jumapili mchana Moshi akaenda kwake.

Alimkuta uani ameinama kwenye beseni. Alipoinuka kumpokea, kitu cha kwanza alichokiona Moshi kilikuwa kidole chake cha shahada. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kijani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Simama hapo hapo, si mmesema tusisogeleane?"

Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, glavu zilikuwa zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Upepo mdogo ulikuwa umeziingia, zikatuna, na zilinyoosha vidole kama viganja vya watu wanaoomba. Ndani ya beseni, barakoa zilikuwa zikielea katika povu.

"Dada. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na tuliruka. Kisha akaja bwana mmoja, viatu vyake safi, anatafuta glavu za kununua. Madukani zimekwisha. Akauliza zinapatikana wapi. Mlevi akamwonyesha mfuko wenye utepe." Akafuta povu kwenye kiwiko. "Sasa kila siku tunaukimbilia utepe. Zamani tungepekua lundo zima kupata mfuko wenu. Umeturahisishia, mdogo wangu."

Hakumkejeli. Alikuwa akimshukuru, na hilo ndilo lililomkata maini Moshi.

"Na hicho kidole?"

"Kitu kilinichoma wiki iliyopita. Kilikuwa ndani ya glavu."

Moshi alielewa kabla dada hajamaliza. Maboksi ya njano nayo yalikuwa yamekwisha. Wauguzi, kwa huruma, walikuwa wameanza kuikunjia sindano ndani ya glavu ili isimchome atakayebeba mfuko. Atakayebeba mfuko alikuwa yeye.

"Twende hospitali."

"Hospitali ipi, yako? Si wewe uliyeniambia watu wanakata roho sakafuni wakisubiri kitanda? Niwapelekee kidole?" Akacheka. Moshi akajaribu kucheka naye, akashindwa.

Kesho yake asubuhi alimwuliza muuguzi mmoja aliyekuwa akivua aproni mlangoni habari za kidole kilichochomwa. Muuguzi akamwuliza ilikuwa lini. Moshi akamwambia wiki iliyopita. Muuguzi akaitumbukiza aproni mfukoni.

"Dawa ya kumkinga aliyechomwa sindano asipate Ukimwi hutolewa ndani ya siku tatu, Mzee Moshi. Sasa ni kumpima, kungoja, na kumpima tena. Mlete."

Alitoka nje akakuta lori limekwisha kufika, na mifuko inamsubiri. Akatupa tepe begani, akashika mfuko wa kwanza, akakwama. Akiufunga, anawaita. Asipoufunga, wataupapasa kwa viganja vitupu wakidhani una chupa. Akiibadili alama na kumnong'oneza dada peke yake, hiyo siri italala jalalani kwa usiku mmoja tu. Akachukua panga la kukatia maboksi, akaupiga mfuko ili azikatekate glavu zisifae kuuzwa. Maji machafu yakamwagika juu ya buti zake.

"Una wazimu?" Msimamizi alikuja mbio na bomba la klorini. "Mfuko uliopasuka haupandi lorini! Sasa huu tutaupeleka wapi?"

Wote wawili wakalitazama tanuri. Ndani yake kuku wa mtu alikuwa ametaga.

Dereva akapiga honi. "Mzee Moshi, ufunge usifunge, mimi naondoka!"

Moshi akaliweka panga chini. Akauvuta mfuko mwingine, akazungusha utepe shingoni mwake, akakaza fundo, juu yake akakaza jingine, na jingine tena, mpaka vidole vikamuuma. Alijua anajidanganya. Dada yake ndiye aliyemfundisha kufunga, na hakuna fundo lake ambalo dada hakujua kulifungua.