Siku Mwarmenia wa Mapazia Alipoapa

Nilifanya kazi miaka mingi katika duka la mapazia na mazulia la Mwarmenia mmoja pale mtaa wa La Rochelle. Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo na Watanzania, kwa hiyo Kiswahili alikizoea kuliko Kiingereza. Alikisema kwa lafudhi ya Lubumbashi, nami niliyelelewa Morogoro nikawa namsahihisha kila siku. Mimi uraia sikuuomba. Baba yangu alikuwa mtu wa huku aliyekimbia ubaguzi wa rangi akaishi uhamishoni Tanzania, nikaupata kwake. Yule Mwarmenia alikuwa akiuhangaikia tangu binti yake hajaanza shule, na sasa binti huyo alikuwa mfanyakazi wa benki kule Sandton.

Mara ya kwanza walimkataa kwa sababu alikuwa akisafiri mno kufuata mizigo Dubai. Akaacha kabisa kutoka nje ya nchi. Mama yake alipofariki kwao Yerevan hakwenda kumzika, akiogopa miaka yake ya ukaazi isije ikahesabiwa upya. Siku ile alifungua duka kama kawaida, akapima na kukata vitambaa mpaka jioni. Mkewe aliniomba nisimsemeshe.

Alipoitwa tena kwenye usaili, mkewe alibaki dukani, mimi nikamsindikiza. Njia nzima alikuwa akirudia Kiingereza chake kimoyomoyo. Lakini alipokaa mbele ya ofisa, mama wa makamo mwenye miwani, kikamtoka chote. Akaulizwa anafanya kazi gani, akajibu, "Nauza mapazia," kwa Kiswahili. Ofisa akanitazama. Nilikuwa nimekatazwa kumsemea, nikabaki nimeishika mikono yangu magotini.

Yule mama akavua miwani, akamuuliza kwa Kizulu, taratibu, kama anavyoulizwa mtu mzima, "Uthengisani, baba?"

Hilo swali la anachouza wateja wa Kizulu walikuwa wakimuuliza kila siku pale mlangoni. Akajibu kwa Kizulu, kwanza kwa kujikwaa, halafu akachangamka, akaeleza vitambaa vizito vya kuzuia baridi, akamshauri na namna ya kuvifua. Ofisa akaandika kitu, akasema Kizulu ni lugha ya nchi hii kama Kiingereza, hana neno.

Miezi ikapita kimya. Kisha akaitwa kuapa. Nikamsindikiza tena, maana mkewe alisema akienda yeye atalia. Akainua mkono pamoja na wengine ukumbini, akatamka maneno bila kukosea hata moja.

Nje alinipa funguo za gari, akisema leo niendeshe mimi. Akampigia mkewe, wakaongea Kiarmenia kwa muda mrefu, zaidi akisikiliza. Alipokata simu akashusha kiti nyuma.

"Sasa naweza kuugua, dada," akaniambia. "Miaka yote hii nilijizuia."

Nikamwambia asianze leo, kuna mzigo wa kupokea. Akacheka. Tulipofika kwenye robot ya Turffontein, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, na alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, mkono kifuani, akikoroma. Sikutaka kumwamsha. Nikauzunguka uwanja wa mbio za farasi wa pale polepole, kisha nikauzunguka tena, nikamwandikia mkewe kwamba tumechelewa kwa foleni.