Kompyuta Iliyomzika Mwenyekiti

Nazipanga hati upya, safari hii kwa namba, na sitaacha. Kosa lilikuwa langu.

Katika chama chetu cha kahawa hapa Githongo, nilikuwa nikiunganisha picha za hati za wanachama, walio hai na waliofariki, na programu ya kompyuta inayoweka rekodi zao. Mama Kendi, karani wa mafaili, alinionya: “Tumia namba za uanachama, kijana. Huku wajukuu hupewa majina ya babu zao.”

Nilimdai ushahidi, nikatumia majina.

Siku kamati ilipokutana kupiga kura kama kompyuta ibaki, nilibonyeza jina la mwenyekiti kwa mbwembwe. Kikatokea kibali cha mazishi chenye jina hilohilo.

Mwenyekiti alivaa miwani, akakisoma chote.

“Huyu ni babu yangu,” akasema. “Sasa niambie, msomi, kura ya marehemu nayo inahesabiwa?”