Pipa la Mwaka wa Sabini na Nne

Kwa miaka arubaini brandi ya Maylis Capdepuy haikuwa na mpenzi ila majirani wa vilima vya Gaskonia. Walimwengu walitaka vinywaji vyepesi. Mapipa yake ya mwaloni yakalala ghalani kama wazee waliosahauliwa na wana wao. Sasa dunia imegeuka: watu hutoka Paris, hata Japani, kuulizia pipa la mwaka fulani wa shamba fulani. Alhamisi mnunuzi angekuja kuonja lile la sabini na nne, mwaka wa ndoa yake.

Jumatatu asubuhi aling'oa kizibo, akainama. Hakusikia harufu yoyote: si plamu kavu, si nta, si mwaloni. Akaonja tone, ulimi ukahisi moto, basi.

Moyo ulimpasuka. Brandi hufa, na kifo chake ndicho hiki: ikikawizwa mno pipani, mti huila, ukabaki uchungu mtupu. Tangu miaka mitatu nyuma ilistahili kuhamishiwa madumu ya kioo, ambamo haizeeki tena. Lakini marehemu mumewe hakupenda haraka, naye akaishika desturi ile kama wasia.

Akamwita shemejiye Gratien, mwunda mapipa, akamwungamia kwamba ameiua. Gratien akamtania: huenda malaika, ambao husemwa hujichotea fungu lao kila mwaka katika mvuke unaopotea pipani, safari hii wamekunywa na la mwenye nyumba. Kisha akadondosha matone viganjani, akayasugua, akafunika pua kwa viganja hivyo, akanusa.

"Shemeji, hii haijafa. Iko hai kuliko mimi."

"Usinibembeleze. Nimenusa mwenyewe."

Gratien akatoa mfukoni kitunguu saumu cha kupakia mkate wake, akakiponda, akamsogezea puani.

"Je, hiki?"

Maylis hakusikia kitu.

"Uliugua lini?"

"Mafua tu, wiki mbili zimepita."

Safari hii Gratien hakutania. Hofu ikahama pipani, ikaingia mwilini mwa Maylis. Pua ni amana, na Mwenye amana huichukua bila kubisha hodi. Mapipa ishirini na saba yalimzunguka. Lipi linakufa, asingejua. Na Gratien je? Si ndiye aliyemwambia nduguye, mume wa Maylis, saa ya kukata roho, kwamba atapona?

"Itoke mtini leo," Gratien akasema, "isingoje Alhamisi."

Ikishaingia kiooni haibadiliki tena, iwe njema au mbovu. Maylis akashika faneli kwa mikono miwili, akaitazama brandi ikishuka, nyekundu kama shaba, akiiamini pua ya mwingine kwa kuwa hakubakiwa na yake.