Nilimpigia Mama Siku Mia Moja na Arobaini Mfululizo

Mtoto aliyempigia mamake simu kila siku hawezi kuhukumiwa kwamba amemtupa. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nimekuja kuitetea mbele yenu. Wasimamizi wa ukurasa huu wanifichie jina; hoja isifichwe.

Nina miaka ishirini na saba, nina shahada, nami hufundisha kwa kibarua katika shule moja ya Kilifi. Mama yuko kijijini Ganda na dada yangu mkubwa, wanalima. Mwaka jana niliweka kwenye simu programu ya kujenga mazoea, nikaandika malengo manne: kukimbia, kusoma kurasa ishirini, kutuma barua ya kuomba kazi, na kumpigia mama. Lengo likitimia unagusa duara, linageuka kijani, na mnyororo wa siku unarefuka. Mama nilimtengea dakika tatu, saa moja kasorobo asubuhi, nikiwa njiani kwenda kazini.

"Shikamoo mama. Waamkaje?"

"Marahaba, baba. Salama."

"Na nyumbani?"

"Salama."

"Haya mama, siku njema." Kijani.

Mnaojua desturi zetu mmeshaona. Kwetu salamu hujibiwa "salama" hata paa likiwaka moto. Kumtupia mtu shida kabla hajatulia ni utovu wa adabu. Shida huja baadaye, mkishaulizana mvua na kuku, ikitanguliwa na neno "ila". Mimi sikuwahi kufika kwenye "ila".

Mama alijikata unyayo kwa jembe. Ana sukari, kidonda kikaoza. Alimkataza dada asiniambie: "Hunipigia kila siku, nitamwambia mwenyewe." Siku ya mia moja na arobaini dada ndiye aliyenipigia, kutoka hospitali. Mguu ulikuwa umeshakatwa chini ya goti.

Nilipofika huko nilimwonyesha dada rekodi yangu ya simu, kijani tupu.

"Haya, msomi. Habari za mguu ulimwuliza siku gani?"

"Ningejuaje? Angesema."

"Angesema saa ngapi? Ulikuwa ukimuaga kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

Nikamjibu kwamba yeye alimwona akichechemea kila siku na akanyamaza. Alilia, nami sikuona fahari yoyote kushinda.

Mama akasema kutoka kitandani: "Msigombane. Nilikuwa nikimsikia anahema, anatembea. Nikawa nasema, kesho ataketi."

Jumapili jamaa wanakutana Ganda. Dada anataka nikiri mbele ya wajomba kwamba nilimtupa mama. Nikikiri nitakuwa nimejishuhudia jambo nisiloliamini. Nikikataa, nitashinda mabishano, kisha nitaingiaje chumbani kwa mama?

Programu nimeifuta. Sasa humpigia nikiwa nimeketi, bila kutazama saa. Humwuliza mara ya pili, mara ya tatu. Hunijibu "salama", kisha hunyamaza, akingoja nimuage.

Nishaurini, na mnijibu hapa hapa hadharani, si kwa ujumbe wa siri, ili dada naye asome: nilimtupa au sikumtupa? Na anayesema nilimtupa, anitajie ilikuwa siku ya ngapi.