Kisichofumwa

Baba yake alikuwa mfumaji, na babu yake vilevile. Kwa hiyo binti alipopata kazi kwenye kiwanda cha vitambaa visivyofumwa, nyumbani hapakukalika.

"Kitambaa hakina nyuzi za mtande na mshindio zinazopishana, utakiitaje kitambaa?" baba alimuuliza mbele ya wajomba. "Hayo ni makapi yaliyogandana. Kesho huendi."

Wajomba wakacheka. Binti akaenda chumbani, akarudi na kipande kizito cha rangi ya majivu alichokitengeneza mwenyewe. Mashine ya kiwandani huchana nyuzinyuzi mpaka ziwe utando mwepesi kama pamba, tando hupangwa moja juu ya nyingine, kisha maelfu ya sindano hupanda na kushuka zikizishikamanisha.

"Kichane, baba."

Mzee akakivuta. Akabana meno, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mjomba mkubwa akakipokea, naye akashindwa.

"Hakichaniki," baba alisema akihema, "lakini hata jina hakina. Kisichofumwa! Hilo ni jina?"

"Hapo tuko pamoja," alisema binti. "Ni kama kumwita jirani 'asiye mbuzi'. Sisi kiwandani tunakiita kitambaa cha sindano, na kesho nakwenda kukitengeneza."

Asubuhi baba alikuwa amekaa mlangoni, kampa mgongo.

"Shikamoo, baba!" binti alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akampita.



"Marahaba," mzee akanung'unika. "Usichelewe."