Kengele ya Omena

Wajukuu wakiniuliza nilifanya kazi gani, nawaambia nilitengeneza saketi ya kuamsha darubini. Wanauliza darubini inalalaje. Basi naeleza. Miali ya gama kutoka mbali angani hugonga hewa huko juu, na hewa inatoa mwanga hafifu unaopotea kabla hujapepesa jicho. Darubini ina macho mengi ya kuuwinda, lakini jicho moja peke yake haliaminiki, linashtukia hata nyota. Saketi yangu ilikaa kimya mpaka macho jirani yaone kwa pamoja. Ujanja huo sikuutoa ng'ambo, niliupata Sio Port, kijiji cha ufuoni mwa ziwa, kwa mama yangu.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio Busia mjini, kijana mwenye maringo. Mama alianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ufuoni. Msimu huo mvua ilikuwa imeziharibu mara mbili, na mjomba alikuwa anamwita aende kwake Amukura, mbali na ziwa, akalime mihogo. "Zikinyeshewa tena naenda," alisema. Kuondoka ziwani hakutaka hata kidogo. Wala mimi sikutaka. Nilizoea kumkuta pale pale.

Nikamtengenezea kengele: kibati chenye nyaya mbili, transista ya redio iliyokufa, spika na betri, yale mawe ya redio. Tone likigusa nyaya, inalia. Na ililia kweli! Bata akijikung'uta, inalia. Mtoto akipita na ndoo ya maji, inalia. Akina mama wanakimbilia omena, wakitazama juu, jua kali. Baadaye hakuna aliyejisumbua kuinuka. "Fundi, hiyo kitu yako inaogopa bata," jirani akanitania, na Mama akacheka kuliko wote. Iliniuma.

Nikakaa nimenuna, nikiwaangalia. Wingu lilipotanda, Mama aliita, "Mvua!" Hakuna aliyegusa nyavu za kuanikia. Jirani akaitikia kutoka kwake, "Mvua!" Hapo wote wakainuka. Ndiyo ilikuwa desturi yao, hawakimbii mpaka mwingine aitikie.

Nikaweka kibati cha pili kwa jirani, nikaunga transista mbili zikifuatana, umeme usipite mpaka vibati vyote viwili vilowe kwa wakati mmoja. Bata akajikung'uta. Kimya. Nilimwangalia yule bata kwa furaha ambayo hakuistahili.

Jumamosi moja Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Kengele ikalia. Akaendelea kusonga.

"Mama," nikamwambia, "vimelowa vyote viwili. Chako na cha jirani."

Mwiko ukasimama. "Jirani ameitikia?"

"Ameitikia."

Akaacha ugali motoni akatoka mbio, mimi nyuma yake. Matone ndiyo kwanza yanaanza. Tulikunja nyavu na omena ndani yake, tukaziingiza chini ya paa, ndipo mvua ikamwagika. Ugali uliungua. Tuliula hivyo hivyo kwa omena kavu, na Mama akaagiza mjomba aambiwe asimngoje.